Milango 212 na Mizinga 17: Kisa cha Wasifu wa Fundi wa Nzaui

Rasimu ya kwanza ya wasifu wa mjomba wangu ilichapwa katika saiba moja mtaani Pipeline, Embakasi, usiku wa mkutano wetu wa kwanza wa mazishi, Agosti 2023. Kijana wa saiba alikuwa na wasifu wa mtu mwingine kwenye kompyuta. Akafuta jina, akaandika la mjomba. Akafuta tarehe, akaweka alizotajiwa. Nakala yake ninayo hadi leo. Inasema marehemu alizaliwa mwaka 1949, mtoto wa nne kati ya saba, alisoma hadi darasa la nne, "alijiajiri katika kazi ya useremala", alioa, akajaliwa watoto watano na wajukuu 14, aliugua kifua, akalala usingizi wa milele.

Mjomba alishika randa kwa miaka 56. Karatasi ile iliipa miaka hiyo maneno matano.

Simlaumu kijana wa saiba. Aliandika alichoambiwa, na waliomwambia ni sisi. Nimekaa katika kamati nyingi za mazishi hapa Nairobi, mara nyingi nikiwa katibu, na wasifu wa namna ile nimeshausikia ukisomwa makaburini kwa wazee wa kila ukoo. Wa mjomba ulinichoma kwa sababu nilimjua. Nakieleza kisa hiki kirefu, pamoja na mahali tulipokosea, kwa kuwa wazee kama yeye ni wengi, na watoto wao wako mjini kama sisi, na siku moja watatakiwa kuandika.

Fomu ya mtu wa mshahara

Mkutano wa mazishi mjini una mpangilio unaojulikana. Watu hufika baada ya kazi, wengine kitambulisho cha ofisi kikiwa bado shingoni. Sala, utambulisho, kisha pesa: bili ya hospitali, mochari, jeneza, basi, hema, chakula cha waombolezaji. Ahadi zinaandikwa, nambari ya M-Pesa inatangazwa tena. Wasifu unatajwa saa tatu usiku, watu wameshasimama, na mwenyekiti anauliza, "Nani ataandika?" Anajitokeza mwenye kompyuta, si mwenye kumjua marehemu.

Hiyo ni sababu moja. Sababu kubwa zaidi niliiona nilipoutoa wasifu wa kaka yake mjomba, aliyefariki mwaka 2009, nikauweka kando ya huu. Yeye alikuwa karani wa Reli. Wasifu wake ulijaa kurasa mbili bila mtu kutokwa na jasho: kuajiriwa, kupelekwa Makindu, kuhamishiwa Voi, kupandishwa cheo, kurudishwa Nairobi, kustaafu. Tarehe zote zilikuwa kwenye barua, na barua zilikuwa kwenye bahasha ya kaki. Mwajiri alikuwa amemwandikia maisha yake mapema, kilichobaki ni kunakili.

Fundi wa kijijini hana barua ya uhamisho. Siku aliyoanza kazi anaijua mwenyewe, na siku aliyoweka nyundo chini hakuna aliyemfanyia sherehe. Mpangilio wa wasifu tunaoutumia, yaani kuzaliwa, shule, ajira, ndoa, ugonjwa, unamfaa mtu wa mshahara. Mtu wa benchi ukimtia humo anapita katikati kama maji katika chekecheke. Na hauna kabisa mahali pa kuandika mtu alipenda nini. Mjomba alipenda nyika. Jumamosi akishamaliza kibarua aliingia porini chini ya kilima cha Nzaui, kule Makueni, na mara nyingi hakuonekana hadi Jumapili jioni. Kila mtu katika ule ukumbi alilijua hilo. Hakuna aliyefikiri kwamba ni jambo la kuandikwa.

Madaftari

Binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi huko nyumbani, ndiye aliyefungua sanduku la zana. Alikuwa akitafuta stakabadhi za bima ya afya. Chini ya randa, patasi na ile keekee ya kuzungushwa kwa mkono, alikuta madaftari matatu ya shule yaliyofunikwa kwa karatasi za kalenda. Akayapiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuzituma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Ilikuwa usiku wa pili wa mkutano. Simu zilianza kulia ukumbini moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza mwenyekiti akakubali ajenda ya pesa isimame.

Mjomba alikuwa ameandika kila kazi tangu mwaka 1979 hadi 2016. Mwandiko wa darasa la nne, herufi kubwa, penseli ya seremala. "7 × 3. MUKAU. MAMA WA MAPACHA. BAWABA 3. AMELIPA MBUZI 1." Mstari unaofuata: "KITANDA 4 × 6. MWALIMU MKUU. NUSU." Neno "nusu" lilimaanisha deni, na mengine hayakufutwa kamwe. Tuligawana kurasa tukahesabu: milango 212, vitanda 90 na zaidi, kenchi za madarasa manne, meza, viti, ngazi, majeneza. Majeneza hayakuwa na bei. Hakuna hata moja lililoandikwa bei.

Mwaka 1984 ulikuwa na milango miwili tu. Vijana waliozaliwa Nairobi walidhani kurasa zimepotea. Wazee wakawaeleza: huo ndio ukame Wakamba wanaouita *nikw'a ngwete*, nitakufa nikiwa nazo mkononi. Fedha mtu anazo, chakula cha kununua hakipo. Nani ataweka mlango mpya mwaka kama huo? Mistari miwili ya penseli ilitueleza njaa ile kuliko aya nzima ambayo ningeweza kuandika.

Kilichotushinda ni viduara. Pembeni mwa karibu kila ukurasa kulikuwa na viduara vidogo, vingine vitupu, vingine vina nukta ndani, vingine vimekatwa kwa msalaba, kando yake neno moja: mbuyu, mgunga, mukau, "jiwe la chui". Mhasibu wetu alifikiri ni alama za waliolipa. Aliyetufumbua macho ni mwanafunzi wake mjomba, ambaye sasa ana benchi lake Gikomba na anatengeneza makabati. Alizitazama picha zile kwenye simu ya jirani, akacheka kwa machozi.

"Hizo si hesabu za mbao," alisema. "Hiyo ni mizinga. Kitupu, mzinga hauna kitu. Nukta, nyuki wameingia. Msalaba, amesharina asali. Mzee akienda kupima mlango wa mtu ng'ambo ya kilima, njiani anapitia mizinga mitatu. Ukimwona na futikamba usidhani anaenda kwa mteja tu."

Mizinga yenye mahali pake tuliihesabu, ikawa 17.

Nilikuwa nimejiandaa kuandika wasifu wenye sehemu mbili, kazi na mapenzi yake ya porini. Viduara vile vilinizuia. Alikuwa ameviandika katika daftari moja, kwa penseli moja, siku moja. Sikuwa na haki ya kumgawa.

Mti mmoja

Ukitaka kuelewa jinsi milango na mizinga ilivyokaa pamoja, anza na mti wa mukau. Wataalamu wanauita Melia volkensii. Unaota katika nchi kavu za Afrika Mashariki, na Ukambani kila mwenye shamba anaujua. Wakati wa kiangazi mbuzi hulishwa majani yake. Maua yake yanavuta nyuki. Mbao zake hazitafunwi na mchwa, na katika nchi ya mchwa hiyo ni sifa inayozidi uzuri wote. Mti unakomaa kwa miaka 10 hadi 15, kwa hiyo fundi mwenye subira anaweza kupasua mbao za mti alioupanda mwenyewe. Hata mzinga wa gogo wa Kikamba, mwatu, hupendwa ukiwa wa mukau.

Shida ya mukau ni mbegu. Kokwa yake ni ngumu kama jiwe, na zamani watu walitegemea machipukizi ya mizizi. Watafiti wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, katika kituo chao cha Kitui walifanya kazi kubwa kutafuta njia ya kuiotesha: kuivunja kokwa bila kuumiza mbegu, kisha kuikata mbegu kidogo kwenye ngozi ili maji yaingie. Mjomba alikuwa na njia yake. Aliokota kokwa zizini, zile ambazo mbuzi wamekwisha kula tunda lake, akazipasua kwa nyundo ndogo juu ya reli ya jiriwa. Kuanzia mwaka 1996 daftari lina orodha ya miche: iliyoota, iliyoliwa, iliyokauka. Anayetembea leo kutoka nyumbani kwake hadi mtoni anapita chini ya mikau yake.

Mzinga aliutengeneza kwa uangalifu uleule wa mlango. Gogo la karibu mita moja na zaidi, likachimbwa kwa tezo na patasi ndefu hadi likawa mwanzi mnene, halafu vifuniko viwili vya duara vikaziba ncha. Mwanafunzi wake anasema kwenye vifuniko ndipo alipowachapia kazi. Kikiacha mwanya, siafu wanaingia. Kikibana mno, siku ya kurina utavunja mzinga. Kisha alama ya ukoo kwa chuma cha moto, ili mpita njia ajue una mwenyewe. Mwisho mzinga unaning'inizwa juu kwa waya na ndoano ya mti, mbali na nyegere, ambaye akiufikia haachi kitu.

Humo porini alikuwa na mwenzake, ndege wa asali. Ni ndege mdogo wa kijivu anayekuja karibu na mtu, anapiga kelele ya kukatakata, anaruka mbele kidogo akionyesha manyoya meupe ya mkia, anangoja. Ukimfuata anakufikisha kwenye nyuki. Yeye anataka nta na mabuu, wewe asali. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha utafiti wao kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya na ndege huyu. Walipima muda. Bila ndege, kupata mzinga wa porini kulichukua wastani wa saa 8.9. Kwa msaada wake, saa 3.2. Niliutaja utafiti huo mkutanoni, na wajukuu waliokuwa wakiona hadithi za babu kuwa ngano walinyamaza. Siku mbili baadaye niliwapeleka wawili Makumbusho, kwenye chumba cha ndege, wakamwone. Mdogo alikaza macho kwenye kioo, akauliza kama babu alimwachia sega kila mara. Kila mara, nilimjibu. Hilo nililiona kwa macho yangu nikiwa na miaka tisa: aliweka kipande juu ya jiwe kabla hajaonja chake.

Sauti ya binti

Usiku wa tatu nilisoma rasimu yangu kwa simu, spika ikiwa wazi, ili walioko nyumbani wasikie. Ukumbini walipiga makofi. Upande wa pili kimya. Halafu binti mkubwa akasema:

"Ndugu yangu, umeandika vizuri. Lakini umemwandika kama mtu tuliyekuwa tukikaa naye. Mama alichota maji Jumapili akiwa na mtoto mgongoni, Baba yuko Nzaui anafuata ndege. Nilipopasuka mguu nikiwa darasa la sita, aliyenibeba hadi zahanati ni jirani. Kila mtu anasema Fundi alipenda nyika. Sisi tulikuwa tukimngoja."

Mwenyekiti alijaribu kumtuliza. "Dada, hayo ni ya nyumbani. Wasifu si baraza la wazee."

Nadhani hapa ndipo palipokuwa kiini cha kisa chote, zaidi ya ile fomu ya saiba. Ile ya kwanza ilimfuta mjomba kwa kukosa maneno. Yangu ilikuwa inaelekea kuwafuta watu wengine kwa wingi wa maneno matamu. Nilikuwa nimemwona mjomba kwa jicho la mtoto wa dada yake aliyekuja kwa likizo za Agosti na Desemba, akachukuliwa porini, akalishwa asali, akarudishwa Nairobi. Sikuwahi kumngoja. Mtu akipenda kitu kwa moyo wake wote, kuna anayelipa bei ya mapenzi hayo, na aliyelipa alikuwa kwenye simu.

Tulibishana hadi saa nne. Baadhi walisema marehemu hasemwi. Mimi nilisema hatumsemi, tunasema ukweli wa nyumba yake, na atakayetunga sentensi hiyo ni bintiye, si mimi. Akaitunga palepale, polepole, nikiandika: "Nyika ilimchukua siku nyingi ambazo tulimhitaji, na siku hizo mama yetu aliibeba nyumba peke yake." Tukaogopa kumuuliza shangazi, mjane wake. Binti akampelekea simu, akamsomea kwa Kikamba. Tulimsikia akivuta pumzi.

"Andikeni," alisema. "Alijua."

Jambo la asali na kanisa lilikuwa dogo. Sehemu ya asali ya mjomba ilinunuliwa na wapika kaluvu, pombe ya asali ya Kikamba, na mzee mmoja wa kanisa hakutaka neno asali litajwe karibu na altare. Tuliandika kwamba aliuza asali. Hatukuandika kwa nani. Sikufurahi, ila siku zilikuwa zimekwisha na niliamua kupigania mengine.

Jeneza, na uamuzi uliokuja mapema mno

Kosa ambalo hatukuweza kulirekebisha lilifanyika usiku wa kwanza, na mimi niliunga mkono. Tulilipa malipo ya kwanza ya jeneza karibu na mochari: la kung'aa, vipini vya rangi ya dhahabu, kitambaa cheupe ndani. Siku ya nne wanafunzi wake watatu wa kijijini wakapiga simu. Walikuwa na mbao za mukau zilizokaushwa darini miaka mitatu, alizozipasua mwenyewe. Walitaka kumtengenezea. Usiku mbili zingewatosha.

Mwenyekiti alihofia aibu. "Watu watasema watoto wa Nairobi walishindwa kununua jeneza." Mhasibu alisema pesa hazirudishwi. Nami nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kura. Mtu aliyetengeneza majeneza ya kijiji kizima bila kuandika bei alizikwa katika sanduku la mbao laini lililopakwa vanishi mjini, lililotengenezwa na mtu asiyemjua. Nikitazama nyuma naona tatizo lilikuwa mpangilio wetu. Tuliamua mambo ya fedha kwanza, kabla hatujakaa kuuliza huyu mtu alikuwa nani. Tungeuliza hilo usiku wa kwanza, mengi yangejiamua. Sasa nikiitwa ukatibu ninaomba jambo moja tu: nusu saa ya kumzungumza marehemu ije kabla ya bajeti. Wengine hawapendi, wanasema inachelewesha mkutano. Ni kweli, inachelewesha.

Zile mbao hazikupotea. Wanafunzi wakatengeneza msalaba. Viungo vyake ni ulimi ulioingia tunduni, bila msumari hata mmoja, kama alivyowafundisha.

Picha ya Karura

Ilibaki picha. Tulikuwa na mbili: ya kitambulisho, macho yametoka kama mtu aliyeitwa ghafla, na nyingine ya mwaka 2018.

Mwaka huo alikuja Nairobi kwa kliniki, akakaa wiki tatu kwa mwanawe, ghorofa ya tano, Pipeline. Anayepajua Pipeline anajua jinsi jengo linavyotazamana na jengo hadi taa zinawashwa mchana. Mzee hakulalamika. Siku ya nne aliuliza tu, "Hapa jua mnaliona mkisimama wapi?" Jumapili yake tukampeleka Karura.

Msitu ule una karibu hekta 1,000 na umezungukwa na mji pande zote. Tulimsimulia njiani jinsi ulivyokuwa ukimegwa na kugawiwa wajenzi miaka ya 1990, na jinsi Wangari Maathai na wenzake walivyosimama, hata akapigwa na kuumizwa kichwani Januari 1999 alipokwenda kupanda miti. Mjomba alisikiliza, akauliza, "Alipanda mti gani?" Hatukujua.

Ndani alitembea mbele yetu sote, yule mgonjwa wa kifua. Akasimama kwenye mti mmoja mrefu wenye gome la kijivu. Alikuwa amekutana na muhugu. Wachongaji wa Ukambani wamechonga muhugu miaka nenda miaka rudi, na yeye aliujua kama kipande cha mkononi, vinyago vya twiga na faru wa kuuzia wageni. Ukiwa mzima, umesimama, mnene hivyo, alikuwa hajawahi kuuona. Aliweka kiganja kwenye gome. Akagonga kwa kidole mara mbili, akatega sikio, kama alivyogonga kila ubao kabla ya kuununua ili asikie kama umekauka. Mjukuu akapiga picha wakati huo. Uso unaonekana upande tu. Mkono ndio unaonekana wote.

Wazee walikataa isikae juu ya jalada, kwa kuwa marehemu anapaswa kuwatazama watu. Wakashinda. Ya kitambulisho ikakaa mbele, na ya Karura tukaipa ukurasa mzima wa kati, ingawa mchapishaji wa River Road alituongezea bei kwa kurasa za rangi na mhasibu akanung'unika hadi kwenye ngazi.

Siku ya kusomwa

Tuliondoka saa kumi alfajiri kwa barabara ya Mombasa. Mchungaji alitupa dakika kumi za wasifu. Desturi ni mtoto wa kwanza wa kiume asome. Familia ilikubali asome yule fundi wa Gikomba, kwa sababu alikuwa akizijua alama. Wasifu haukuanza na kuzaliwa. Ulianza hivi: "Mlango wa kwanza alioutengeneza peke yake bado upo, katika nyumba ya jiko iliyo nyuma yenu. Ni wa mukau. Mchwa wamekula kuta mbili zilizouzunguka, mlango haujaguswa."

Watu wakageuka kuutazama. Nilikuwa nimeandika mengi, lakini yaliyofuata sikuyaandika. Msomaji alipofika kwenye idadi ya milango, mama mmoja mzee akainua mkono kutoka kwenye hema: "Wangu ni wa mwaka 1991!" Mwingine: "Sisi wa 2003, na bado nina deni lake." Wakaendelea hivyo, wengine wakitaja mwaka, wengine mti, mmoja akitaja mbuzi aliyelipa kwa rangi yake. Mchungaji alitazama saa, akaiacha. Zile dakika kumi zilizidi nusu saa.

Tulisahihishwa pia. Nilikuwa nimeandika kwamba mlango mkubwa wa kanisa ni kazi yake. Bibi mmoja wa kwaya akasema hapana, mlango uliletwa kutoka Machakos, yake ni fremu. Daftari lilisema "KANISA, FREMU", nami kwa haraka nikasoma ninachotaka. Nakala zilizobaki tumezirekebisha kwa kalamu.

Sentensi ya binti ilisomwa kama alivyoitunga. Hakuna aliyeguna. Shangazi alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono mapajani, akitazama kilima. Wakamba husimulia kwamba Mulungu aliwatoa watu wa kwanza katika mwamba wa Nzaui, na kwamba nyayo zao zingali kwenye jiwe. Mjomba alinipeleka nikaziona. Aliniambia nisimame kando yazo, nisizikanyage.

Baada ya mazishi swali lilikuwa mizinga ni ya nani. Watoto wanaoishi Nairobi hawakuitaka. Mwanafunzi mmoja wa kijijini na yule mjukuu mdogo wa Makumbusho, ambaye huenda huko kila likizo, wakapewa madaftari wayatumie kama ramani. Nyika ilikuwa imekauka kwa misimu mitano ya mvua iliyokosekana tangu mwishoni mwa mwaka 2020, na mizinga mingi waliyoifikia Septemba ilikuwa mitupu. Kisha vuli ya mwaka huo ikaja kwa nguvu ya El Niño, barabara zikakatika, na porini kukachanua. Desemba mjukuu alinitumia picha ya ukurasa mpya, kwa penseli, chini ya mstari wa mwisho wa babu yake: viduara 11, vinne vina nukta.

Sita bado hawajaipata. Mmojawapo ni ule wa "jiwe la chui", na hakuna mtu kijijini anayekumbuka jiwe hilo liko upande gani wa kilima.